Mfanyabiashara wa watumwa kule Marekani aliishije, na kweli wenzake walimtenga?

Swali limetoka kwa msomaji mmoja wa Morogoro, nalifupisha. Anasema amesoma sehemu kwamba Marekani, kabla ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, mtu aliyefanya biashara ya kuuza watumwa alidharauliwa hata na wazungu wenzake, wenye mashamba hawakumkaribisha nyumbani, hawakutaka hata kumpa mkono. Sasa anauliza kama ni kweli, na kama ni kweli kwa nini mtu aingie kazi ya hivo, siku zake zilikuwaje, na mwisho wa watu hawa ulikuwa upi, kuna aliyeshtakiwa?

Ndugu yangu, nianze na la dharau maana ndo linapotosha mengine yote. Hiyo stori ya mfanyabiashara aliyetengwa ilienezwa sana na wateja wake wenyewe, yani wenye mashamba. Wao walitaka kuonekana mabwana wazuri wanaoishi na watumwa wao kama familia, kwahiyo kila mama aliyeuzwa mbali na mwanae lawama ikapelekwa kwa "yule dalali mchafu", wakati aliyemuuza ni bwana mwenyewe na pesa kaitia mfukoni. Walikuwepo kweli wachuuzi wadogo wa kuzurura na farasi mmoja, walevi, matapeli, hao hakuna aliyewapenda. Lakini wale wakubwa? Walikuwa na marafiki kwenye mabenki, walioa vizuri, walichaguliwa kwenye uongozi. Nathan Bedford Forrest alikuwa muuza watumwa pale Memphis, biashara inajulikana na kila mtu mjini, na mwaka 1858 wakamchagua diwani. Huyo baadae akawa jenerali wa jeshi la Kusini (upande wa majimbo yaliyotetea utumwa) na kiongozi mkuu wa kwanza wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua weusi. Au chukua Austin Woolfolk, muuza watumwa wa Baltimore, mwaka 1827 alimkamata mhariri mmoja, Benjamin Lundy, aliyekuwa anamsema vibaya gazetini, akampiga vibaya sana barabarani, kesi ikaenda mahakamani na hakimu akamtoza Woolfolk faini ya dola 1, huku akisema mhariri mwenyewe kayataka. Mtu aliyetengwa na jamii hapewi hukumu kama hiyo.

Jambo la pili, futa kwanza picha ya Tippu Tip kichwani. Sisi huku tukisikia biashara ya watumwa tunawaza misafara ya kutoka Manyema na Tabora kwenda pwani, bunduki, pembe za ndovu, vijiji kuchomwa. Huyu wa Marekani wa miaka ya 1820 hadi 1860 hakuvuka bahari kwenda Afrika. Kuanzia 1808 sheria yao ilikataza kuingiza watumwa wapya kutoka nje, kwahiyo biashara ikageuka ya ndani kwa ndani: unanunua mtu aliyezaliwa Virginia au Maryland, ambako mashamba ya tumbaku yalishachoka ardhi na mabwana wamejaa madeni, unampeleka Mississippi, Alabama au Louisiana ambako pamba ilikuwa inalipa balaa tangu mashine ya kuchambua pamba ipatikane miaka ya 1790. Kati ya 1790 na 1860 watu kama milioni 1 walihamishwa hivo kutoka juu kwenda kusini, wengine wakihamishwa na mabwana zao walipokwenda kufungua mashamba mapya na wengine wengi sana wakipitia mikononi mwa wafanyabiashara. Na usidhani mambo haya yako mbali na sisi kabisa, ile pamba ilienda viwanda vya Massachusetts, ikatoka kama vitambaa vya merikani ambavyo meli za Salem zilivishusha Unguja hasa baada ya Sayyid Said kusaini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na vitambaa vilevile ndo vilipanda bara na misafara kwenda kununulia pembe na watu. Mduara umefunga.

Sasa maisha yenyewe. Nitawatumia Isaac Franklin na John Armfield maana walikuwa wakubwa kuliko wote wa miaka ya 1830 na barua zao nyingi zipo mpaka leo, kwahiyo tunawasikia wenyewe wakiongea.

Franklin alizaliwa 1789 Sumner County, Tennessee, akaanza ujanani na kaka zake, wanashuka na mito kupeleka bidhaa mpaka New Orleans, na huko ndiko alikoona pesa iko wapi. Armfield alikuwa mdogo kwake, wa 1797, mtu wa North Carolina, akaja kuoa binti wa ndugu yake Franklin, kwahiyo biashara ikawa ya kifamilia. Mwaka 1828 wakafungua kampuni na kupanga nyumba ya matofali ya ghorofa 3 mtaa wa Duke, mjini Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington, na wakati huo Alexandria ilikuwa ndani ya eneo la makao makuu ya serikali. Yani bungeni wanahubiri uhuru na kwa mwendo mfupi tu kuna watu wamefungwa minyororo uani. Mbele ya nyumba ni ofisi safi, nyuma kuna kuta ndefu zimepakwa chokaa, ua wa wanaume upande huu, wa wanawake upande ule, sehemu imeezekwa, milango ya vyuma. Mwaka 1835 mgeni mmoja mpinga utumwa kutoka Kaskazini, Ethan Andrews, alienda kutembelea, Armfield akamzungusha kila mahali kwa upole tu, na mgeni akaandika kwamba jamaa ana sura nzuri na tabia za kuvutia. Mimi hiyo ndo inanitisha kuliko mijeledi.

Kazi ziligawanywa. Armfield alikaa Alexandria kununua, Franklin alikaa kusini kuuza, Natchez (mji wa Mississippi) na New Orleans, na Rice Ballard akajiunga nao akinunua kutoka Richmond. Kwahiyo siku ya kawaida ya Armfield ilikuwa ya ofisini kuliko unavyofikiria, anaweka tangazo gazetini kwamba wananunua kwa pesa taslimu, wanataka vijana wa kike na wa kiume wa miaka 12 hadi 25, na wanatoa bei nzuri kuliko mtu yeyote sokoni. Ana maajenti vijijini, wanasubiri bwana fulani afe na mali igawanywe, au mwingine ashindwe kulipa deni na mahakama ipige mnada. Ndo maana nasema chanzo cha bidhaa hakikuwa mtekaji, kilikuwa mirathi na madeni ya watu waliojiita waungwana. Halafu anaandika barua, anahesabu chakula, anamwita daktari, anasubiri hawala ya benki kutoka kusini ili anunue wengine.

Biashara ilikuwa na msimu. Kiangazi ni kununua na kukusanya, halafu usafirishaji, na kusini soko linachangamka kuanzia mwisho wa mwaka mpaka masika, baada ya wakulima kuuza pamba na kuwa na hela. Usafirishaji ulikuwa wa njia mbili. Kuna meli, kampuni ilikuwa na zake kabisa, Tribune, Uncas, na moja waliyoipa jina Isaac Franklin (ndio, jina la bosi mwenyewe), zinatoka Alexandria zinazunguka Florida mpaka New Orleans kwa ratiba, kama mabasi, na wakifika kileleni ni zaidi ya watu 1,000 kwa mwaka. Kila meli lazima iwe na orodha, jina la mtu, umri, urefu wa kimo, rangi, nahodha anaapa kwamba hakuna aliyeingizwa kutoka nje baada ya 1808. Angalia ujinga wa sheria hapo, serikali inahakikisha kwa kiapo na mhuri kwamba mtu unayemuuza ni mzaliwa wa nchi yako.

Njia ya pili ni kwa miguu. Mwisho wa kiangazi msafara unatoka Alexandria, unakatiza milima ya Virginia, Tennessee, mpaka Natchez, zaidi ya kilomita 1,500, miezi 2 au zaidi. Mwaka 1834 mwanajiolojia Mwingereza, George Featherstonhaugh, aliukuta msafara wa Armfield kwenye mto New River huko Virginia, watu kama 300, wanaume wamefungwa pingu wawili wawili kwenye mnyororo mrefu, wanawake na watoto wengine wamekaa kwenye magogo, wanavushwa mto. Na kina Armfield wamevaa kofia nyeupe zimefungwa kitambaa cheusi cha msiba, alipouliza wanaomboleza nani akaambiwa ni Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani na ambaye alifariki mwaka huohuo. Yani wenyewe hawakuona kitu cha ajabu hapo kabisa, uhuru kwao ulikuwa neno la watu weupe na mambo yameishia hapo.

Msafara ukifika Natchez, kazi ya Franklin inaanza. Kwanza ni kunenepesha, watu wanapumzishwa na kulishwa, wanapakwa mafuta ngozi ing'ae, wanapewa nguo mpya, za aina moja. William Wells Brown, aliyekuwa mtumwa na akakodishwa kwa mfanyabiashara mmoja wa St. Louis aitwaye Walker, ametueleza kwa undani maana ndo ilikuwa kazi yake yeye kwenye meli ya mto Mississippi: kuwanyoa wazee, kung'oa mvi, na zikiwa nyingi za kung'olewa anapaka rangi nyeusi kwa brashi, halafu mtu anafundishwa umri mpya wa kutaja mnunuzi akiuliza, na mzee wa watu anashuka melini kapunguzwa miaka 10 au 15. New Orleans nako, Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa Washington mwaka 1841 na kuuzwa, anasimulia jinsi muuzaji wake Theophilus Freeman alivyowapanga kwa kimo, akawafundisha kusimama na kutabasamu, akamwambia mmoja apige fidla wengine wacheze. Northup akauzwa kwa dola 1,000. Kwenye kundi lilelile kulikuwa na mama anaitwa Eliza, mnunuzi wake alitaka kumnunua pamoja na binti yake mdogo Emily, Freeman akakataa, alisema huyu mtoto ni mzuri wa sura, akikua ataleta pesa nyingi zaidi. Louisiana ilikuwa na sheria tangu 1829 inayokataza kuleta watoto chini ya miaka 10 bila mama zao, lakini sheria hizi mfanyabiashara alizichukulia kama wewe unavyochukulia tuta la barabarani, unapunguza mwendo kidogo halafu unaendelea.

Hapo kwa Emily tuseme ukweli wote. Katika barua zao Franklin, Ballard na vijana wa ukoo waliofanya nao kazi wanaandikiana kuhusu wasichana wa rangi mchanganyiko ambao waliuzwa kwa bei ya juu kabisa kwa ajili ya kutumiwa na wanaume, wanataniana kishenzi kuhusu kuwabaka wao wenyewe kabla ya kuwauza, na barua hizohizo zinaongelea bei na mambo ya kawaida ya biashara. Walker naye alimchukua msichana anaitwa Cynthia, akamtishia kumpeleka shamba baya kabisa la kusini asipokubali, akazaa nae watoto, na baadae alipotaka kuoa akamuuza yeye na watoto. Kwahiyo mtu akikwambia yule alikuwa mfanyabiashara tu anayefuata soko, ubakaji ulikuwa sehemu ya maisha yake ya kila siku kama ulivyokuwa mshahara.

Na pesa ilikwendaje? Watu wanafikiri unauza mtu unapewa noti unaondoka. Kumbe mauzo mengi yalikuwa mkopo, mkulima anasaini hati ya kulipa baada ya miezi 6 au mwaka, Franklin anaipeleka benki inampa pesa sasa hivi akikatwa kidogo, hiyo pesa inarudi Virginia kununua wengine. Bila benki mnyororo huu haukuwa na nguvu, na benki hizo zilikuwa na wanahisa Philadelphia, New York na London, watu wasiowahi kuona shamba la pamba. Hatari zilikuwepo. Mtu anatoroka, anajiua, meli inazama, ndui inaingia. Mwaka 1841 watu kwenye meli Creole iliyotoka Richmond wakiwa 135, wakiongozwa na Madison Washington, waliiteka meli na kuipeleka Bahama kwa Waingereza na karibu wote wakawa huru, wenye mali wakabaki kugombana na makampuni ya bima. Halafu kuna wateja: Louisiana mnunuzi angeweza kurudisha mtu ndani ya mwaka akidai aliuziwa mgonjwa au mtoro, kama unavyorudisha friji yenye kasoro dukani, kwahiyo wafanyabiashara walikuwa hawaishi kwenda mahakamani na madaktari wa kutoa ushahidi.

Kipindupindu cha 1833 ndo kinaonyesha vizuri kipi hasa kiliwakera wazungu wenzao. Watu wa Franklin walikuwa wanakufa Natchez, yeye hakutaka soko lijue kwamba ana ugonjwa kwenye kambi, akaagiza maiti zitupwe bondeni nje kidogo ya mji na kufukiwa juujuu. Zikaonekana. Mji ukachafuka, watu wakapiga kelele, na wakapitisha kanuni wafanyabiashara wasiuzie tena ndani ya mipaka ya mji. Kwahiyo ndio, hasira zilikuwepo, ila zilikuwa za hofu ya maradhi. Franklin alifanya nini? Akahamia njia panda inayoitwa Forks of the Road, mwendo mfupi tu nje ya mpaka, na wanunuzi walewale wakapanda farasi kumfuata, hapo pakawa soko kubwa kuliko mengi ya Kusini kwa miaka 30 iliyofuata.

Unauliza kwa nini mtu aingie kazi hii. Jibu lipo kwenye mali. Franklin aliacha biashara katikati ya miaka ya 1830, kabla kidogo ya benki kuanguka mwaka 1837 (alikuwa na pua ya pesa, lazima tukubali), alikuwa ameshajenga jumba Fairvue huko Tennessee, akamiliki mashamba ya pamba Louisiana, moja likiitwa Angola. Mwaka 1839 akiwa na miaka 50 akamuoa Adelicia Hayes, binti wa miaka 22 kutoka familia inayoheshimika Nashville, baba wa binti wakili na mchungaji. Hebu niambie hapo dharau iko wapi. Alipofariki 1846 aliacha watumwa zaidi ya 600 na mali inayokadiriwa dola 750,000, pesa ya kutisha kwa wakati ule. Mjane akaolewa tena, na mwaka 1864 vita ikiendelea aliwazunguka majeshi ya pande zote mbili akauza pamba yake London kwa dola kama 960,000. Jumba lake leo liko ndani ya Chuo Kikuu cha Belmont, Nashville. Shamba la Angola ni jela kuu ya jimbo la Louisiana, wafungwa wengi ni weusi na wanalima.

Armfield yeye alizeeka vizuri tu. Alinunua Beersheba Springs, sehemu ya milimani Tennessee, akaifanya hoteli ya mapumziko kwa matajiri, akajenga nyumba za maaskofu hapo, na akawa mmoja wa waliosaidia kuanzishwa kwa chuo kikuu cha Kanisa la Episkopo kule Sewanee. Alifariki 1871 kitandani.

Kuna mwisho mmoja wa tofauti na nisipousimulia sitatendea haki swali. Robert Lumpkin wa Richmond alikuwa na jela ya watumwa iliyoitwa na weusi nusu eka ya shetani, chumba cha kuchapia mijeledi kina pete za chuma sakafuni. Aliishi humohumo uani na mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, Mary, alianza kumzalisha akiwa binti mdogo, wakapata watoto 5, na Lumpkin huyohuyo akawapeleka mabinti zake shule Kaskazini. Aprili 1865 jeshi la Kaskazini linaingia Richmond, yeye anakimbilia stesheni na watu kama 50 wamefungwa minyororo akidhani kuna treni itamchukua akawauze mahali. Treni ya maafisa ikamkatalia, hana pa kwenda, akawafungua pale. Alifariki mwaka uliofuata, mali ikaenda kwa Mary, na 1867 Mary akampangisha mchungaji wa Kibaptisti akafungua shule ya watumwa walioachwa huru kwenye majengo yaleyale, shule ambayo ndo chimbuko la Virginia Union University.

Kuhusu kushtakiwa: kwa kuuza watu tu ndani ya nchi, kwa ujumla hapana, maana sehemu kubwa ya Kusini biashara yenyewe ilikuwa halali mpaka utumwa wenyewe ulipofutwa. Tena serikali iliwahi kuwatafuta kama wataalamu. Aprili 1862 utumwa ulipofutwa Washington, serikali iliamua kuwalipa fidia mabwana, sio watumwa, wastani usiozidi dola 300 kwa kichwa, na tume ikakwama kwamba haina mtu anayejua kukadiria bei ya binadamu. Ikamwita Bernard Campbell, mfanyabiashara wa watumwa kutoka Baltimore, watu wakasimamishwa mbele yake mmoja mmoja, akawakagua na kutaja bei, na kwa kazi hiyo serikali ikamlipa.